Mbona Mpiga Picha Anajificha Nyuma ya Ukuta?

Mama yangu mkubwa aliteleza bafuni akaangukia mkono, nami ndiye niliyempeleka hospitali. Kijana wa chumba cha eksirei alimpokea kwa adabu, akaulaza mkono wake juu ya meza, akamwomba asitikisike, kisha akatoka haraka kwenda kusimama nyuma ya ukuta wenye kidirisha cha kioo. Ukasikika mlio mfupi, na kijana akarudi. Mama mkubwa akamkazia macho.

"Mwanangu, kama hicho kitu hakina madhara, mbona wewe umekimbia? Na kama kina madhara, mbona mimi umeniacha hapa?"

Kijana akacheka. "Bibi, wewe ni picha moja tu. Mimi tangu asubuhi nimeshapiga arobaini."

Jibu lilikuwa sahihi, ila halikumridhisha. Kwenye bajaji, njia nzima, alinirudia mimi: arobaini yake na moja yangu, nani kapima? Na tangu nianze kuandika kitabu hiki, swali hilohilo nimeulizwa na watu wengi. Mmoja anauliza habari za mnara wa simu uliosimamishwa nyuma ya nyumba yake. Mwingine ana wasiwasi na simu anayolala nayo chini ya mto. Wa tatu hataki jiko la maikrowevu jikoni kwake, lakini mtoto akikohoa wiki mbili yeye ndiye wa kwanza kudai eksirei.

Ukuta ule wa hospitali haukuwepo tangu mwanzo. Watu wa kwanza kupiga picha za eksirei walisimama bega kwa bega na mgonjwa, na wengi wao waliitia mikono yao wenyewe kwenye mionzi mara nyingi kwa siku. Ukuta ulikuja baada ya vidole kukatwa. Nitasimulia ulivyojengwa, maana ukishajua ulijengwa kwa sababu gani, utajua pia ni wapi hauhitajiki.

Ukoo mmoja, tabia mbalimbali

Kwanza jina. Mionzi yote tutakayoizungumzia hapa wanasayansi huiita mawimbi ya sumakuumeme, yaani mitikisiko ya umeme na sumaku inayosafiri pamoja kwa kasi ya kilomita 300,000 hivi kwa sekunde. Ukoo wake ni mkubwa. Kutoka kwa wapole kwenda kwa wakali, wako hivi:

- mawimbi ya redio, pamoja na ya televisheni;
- maikrowevu, ya rada, ya simu za mkononi na ya lile jiko la kupashia chakula;
- infraredi, lile joto linalokufikia ukikaa karibu na jiko la mkaa bila kuligusa;
- mwanga tunaouona kwa macho;
- urujuanimno, sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana, ambayo ndiyo inayobabua ngozi;
- eksirei, na mionzi ya gama inayotoka kwenye madini kama radiamu.

Wanatofautiana nini? Nishati yao hufika kwa vifurushi vidogo, na kila ndugu ana ukubwa wake wa kifurushi. Umewahi kuangua embe kwa kurusha? Rusha pamba kutwa nzima, embe litabaki juu. Jiwe moja likipata kikonyo, embe liko chini. Mawimbi ya redio na ya simu ni pamba. Eksirei ni mawe. Kifurushi kimoja cha eksirei kinaweza kung'oa elektroni, zile chembe ndogo sana zinazoziunganisha atomu za mwili wetu. Mionzi yenye uwezo huo huitwa mionzi inayoayonisha. Ikipita ndani ya seli, vile vyumba vidogo kabisa vya uhai ambavyo mwili wote umejengwa navyo, inaweza kukata vinasaba, yaani maandishi yanayoiambia seli namna ya kufanya kazi yake.

Urujuanimno ni ndugu wa mpakani, na madhara yake hapa Tanzania tunayaona kwa macho. Watu wenye ualbino, ambao ngozi yao haina rangi ya kuwakinga, hupata saratani ya ngozi wangali vijana. Ndiyo maana kule Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, hutengenezwa mafuta maalumu ya kuwakinga na jua yaitwayo Kilisun.

Haya ya pamba na mawe, mwaka 1895 hapakuwa na mtu duniani aliyeyajua.

Nywele za mkuu wa kitivo

Tarehe 8 Novemba 1895, mjini Würzburg, Ujerumani, profesa Wilhelm Conrad Röntgen alikuwa akipitisha umeme kwenye tyubu ya kioo iliyotolewa hewa. Tyubu ilikuwa imefunikwa kwa karatasi nyeusi, lakini kipande cha karatasi chenye dawa ya kung'aa kilichokuwa mbali kidogo kikawaka. Kitu kisichoonekana kilikuwa kinapenya karatasi. Kwa kuwa hakukijua, alikiita X, herufi ambayo wanahisabati hukipa kisichojulikana. Desemba 22 alimwomba mkewe, Anna Bertha, aweke mkono juu ya sahani ya picha kwa muda wa dakika 15. Ikatoka picha ya mifupa ya vidole, na pete ikielea kwenye kidole kimoja.

Mwezi Januari 1896 habari zilikuwa zimezagaa Ulaya na Marekani. Vifaa havikuwa adimu, kwa kuwa vyuo vingi vilikuwa tayari na tyubu za namna hiyo. Basi kila mwenye tyubu akaanza kupiga mifupa, na hakuna aliyeogopa. Wangeogopa nini? Haikuunguza, haikunuka, haikutoa joto. Mtu aliiwasha, akaona mifupa yake, akaizima, akaenda kula chakula cha mchana.

Majira hayohayo, huko Nashville, Marekani, mtoto alipigwa risasi kichwani kwa bahati mbaya, na madaktari wakawaomba watu wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt waitafute risasi hiyo kwa mionzi mipya. Profesa wa fizikia John Daniel hakutaka kumfanyia majaribio mtoto. Mwenzake, Dkt. William Dudley, mkuu wa kitivo cha tiba, akakitoa kichwa chake mwenyewe kijaribiwe kwanza. Waliifunga sahani ya picha upande mmoja wa kichwa na kuiweka tyubu upande wa pili, karibu mno na nywele, wakaiacha inafanya kazi saa nzima.

Picha haikutoka kabisa. Dudley hakuhisi chochote, wakaliacha jambo hilo. Siku 21 baadaye, nywele zote za mahali tyubu ilipokuwa zikadondoka, likabaki duara jeupe la upana wa sentimita tano hivi. Ngozi ilionekana nzima, bila maumivu. Aprili 10, 1896, Daniel aliyachapisha hayo kwenye jarida la *Science*. Mionzi haikuwa imefikisha hata miezi sita tangu igunduliwe.

Ningependa kusema kwamba dunia ilisoma ikashtuka. Dunia ilisoma ikaona biashara. Mjini Vienna, daktari kijana Leopold Freund alipopata habari kwamba eksirei inaondoa nywele, alifikiria wagonjwa wenye nywele wasizozitaka. Mwishoni mwa 1896 alimtibu msichana mdogo aliyekuwa na baka kubwa lenye nywele mgongoni. Nywele zilitoka kama alivyotarajia. Kisha likaja donda baya lililogoma kupona kwa muda mrefu, na msichana alibaki na makovu hadi utu uzima. Hata hivyo, katika miaka ya 1920 bado kulikuwa na saluni Marekani zilizowaondolea wanawake ndevu kwa eksirei, na baadhi ya wateja waliishia na saratani.

Kidole kimoja, na mikono miwili

Kabla ya mwaka 1896 kwisha, malalamiko yalishaanza kukusanyika: ngozi nyekundu, malengelenge, kucha kung'oka. Lakini mkosaji ni nani? Wengine walidai ni umeme unaoruka kutoka kwenye mashine. Nikola Tesla, bingwa mkubwa wa umeme, alishuku ozoni, ile hewa kali inayozaliwa umeme unapotoa cheche. Kila mtu alikuwa na mtuhumiwa wake, na eksirei yenyewe ikawa inaachiwa kwa kukosa ushahidi.

Elihu Thomson, mhandisi wa huko Massachusetts na mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya General Electric, aliamua kuimaliza kesi kwa kutumia mwili wake. Alichagua kidole ambacho angekihitaji kidogo kuliko vingine, kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, akakiweka karibu na tyubu kwa nusu saa. Siku zikapita bila dalili. Kisha kidole kikawa chekundu, kikavimba, kikakakamaa, kikauma, kikatoa malengelenge. Thomson akawaonya wenzake waziwazi: mionzi ndiyo inayoumiza, na kuna kiasi ambacho mtu asikivuke.

Namheshimu sana Thomson kwa jambo moja. Alijua kungoja. Angekitazama kidole jioni ile na kesho yake tu, angeandika kwamba eksirei haina neno, na kwa macho yake angekuwa mkweli.

Clarence Dally hakupata nafasi ya kungoja, maana kazi yake ilikuwa kuwasha kila siku. Dally alikuwa fundi wa kupuliza vioo katika karakana ya Thomas Edison, New Jersey. Mwaka 1896 Edison alikuwa anatengeneza kifaa cha kutazama mifupa papo hapo bila sahani ya picha, na Dally ndiye aliyezitengeneza na kuzijaribu tyubu. Njia ya kujaribu tyubu ilikuwa nyepesi: unaweka mkono mbele yake na kuangalia mifupa inavyoonekana. Tyubu nzuri huonyesha mifupa vizuri. Kwa hiyo mkono wa fundi ndio uliokuwa kipimo. Ule mmoja ulipoanza kuungua, Dally alitumia mwingine.

Madonda hayakupona, yakageuka saratani. Madaktari walikata vidole, wakakata mkono, mwishowe mikono yote miwili ilikwenda. Alifariki mwaka 1904, akiwa na umri wa miaka 39. Edison alikuwa ameshaacha utafiti wa eksirei, na aliwaambia waandishi wa habari kwamba anaiogopa. Ni nadra kumsikia Edison akikiri kuogopa kitu.

Dally hakuwa peke yake. Mwaka 1902, mjini Hamburg, daktari aitwaye Frieben alieleza saratani ya ngozi kwenye mkono wa mfanyakazi wa kiwanda cha tyubu. Mjini Birmingham, John Hall-Edwards, mmoja wa waasisi wa picha za eksirei Uingereza, alikatwa mkono wa kushoto mwaka 1908. Huko Philadelphia, Dkt. Mihran Kassabian aliipiga picha mikono yake mwenyewe kadiri ilivyozidi kuharibika, ili wengine wajifunze, hadi alipofariki mwaka 1910.

*Kwa ufupi:* kufikia mwaka 1904 ilishajulikana kwamba eksirei huunguza, na kwamba jeraha linalojirudia huweza kuwa saratani. Lakini wengi waliamini kwamba ngozi isipoungua, hakuna kilichoharibika. Imani hiyo ilikuwa imeshapingwa na daktari wa meno.

Simbilisi wa Boston

William Rollins alikuwa daktari wa meno huko Boston aliyependa kutengeneza vifaa. Yeye mwenyewe aliungua mkono alipokuwa akifanya kazi na tyubu, akataka kujua zaidi. Mwaka 1901 aliwaweka simbilisi, wale wanyama wadogo wa maabara wanaofanana na panya wasio na mkia, ndani ya kisanduku kilichozuia umeme usiwafikie. Hapo hoja ya "ni umeme tu" ikawa imezikwa. Aliwamulika saa mbili kila siku. Mmoja alikufa siku ya nane, mwingine siku ya kumi na moja. Ngozi zao hazikuwa zimeungua.

Mwaka uliofuata alionyesha kwamba mionzi inaweza kuua kijusi tumboni mwa simbilisi mwenye mimba. Nakuomba uikumbuke taarifa hii, kwa sababu tutairudia baada ya kuruka miaka hamsini na zaidi.

Kutokana na majaribio hayo Rollins alitoa ushauri ambao leo ungeweza kubandikwa ukutani kwenye chumba chochote cha eksirei:

1. Mfanyakazi avae miwani isiyopitisha mionzi.
2. Tyubu ifungiwe ndani ya kasha lisilopitisha mionzi, libaki tundu dogo la kutolea inayohitajika.
3. Imulikwe sehemu inayotafutwa tu. Mwili mwingine wa mgonjwa ufunikwe.

Cha kufunikia kilikuwa madini ya risasi. Kiswahili kina utani wake hapa: Daniel na Dudley waliwasha mionzi wakijiandaa kutafuta risasi, na risasi hiyohiyo, ikiwa bamba badala ya chuma cha bunduki, ndiyo inayotukinga na mionzi. Atomu zake ni nzito na zimejaa elektroni, kwa hiyo mawe ya eksirei huishia humo kabla ya kutufikia. Röntgen mwenyewe alikuwa akifanya kazi ndani ya kisanduku kikubwa cha zinki chenye bamba la risasi. Alikuwa analinda sahani zake za picha zisiharibike, akajikuta amejilinda mwenyewe.

Rollins aliandika makala nyingi. Wenzake wengi hawakumjali. Alikuwa daktari wa meno, wanyama wake walikuwa wachache, na vyumba vya eksirei vilikuwa vinaingiza pesa.

Kwa nini madhara huchelewa

Hapa ndipo kiini cha sura hii kilipo, kwa hiyo tusiharakishe. Nywele za Dudley zilingoja siku 21, kidole cha Thomson kiasi cha wiki, saratani ya Dally miaka. Kwa nini?

Mwaka 1903 Heinrich Albers-Schönberg wa Hamburg aliona kwamba sungura na simbilisi madume waliomulikwa walikuwa wazima kwa kila hali, isipokuwa hawakuweza tena kuzaa. Mwaka 1906, Wafaransa wawili, Jean Bergonié na Louis Tribondeau, walichunguza korodani za panya waliomulikwa na kukuta kwamba seli zinazogawanyika ili kutengeneza mbegu zimekufa, ilhali seli za jirani zisizogawanyika zimesalimika. Wakatoa kanuni: kadiri seli inavyogawanyika kwa kasi, ndivyo mionzi inavyoiumiza zaidi.

Kanuni hiyo inafumbua mengi. Mti ukikatwa mizizi, majani hayanyauki siku hiyo. Ngozi nayo ina mizizi yake, tabaka la chini ambalo seli zake hugawanyika kila siku ili kuzifidia zile za juu zinazobanduka. Mionzi huua zile za chini. Za juu huendelea kuonekana nzima mpaka muda wao wa kubanduka ufike, na hapo ndipo inapogundulika kwamba hakuna warithi. Ndivyo ilivyo kwa nywele, na kwa uboho unaotengeneza damu. Kwa kijusi ni zaidi, kwa sababu kijusi kizima kiko kazini kugawanyika.

Saratani ina hesabu yake. Seli iliyojeruhiwa vinasaba bila kufa ni kama hati ya kiwanja yenye kosa la mpaka. Itatolewa nakala, na nakala ya nakala, na kesi itaibuka miaka ishirini baadaye wakati aliyekosea ameshastaafu. Mwaka 1927 Hermann Muller, huko Texas, aliwamulika inzi wadogo wa matunda na kuthibitisha kwamba eksirei hubadilisha vinasaba na kwamba mabadiliko hayo yanarithiwa. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1946.

Bergonié alifariki mwaka 1925 na Albers-Schönberg mwaka 1921, wote kwa madhara ya mionzi waliyoichunguza. Mwaka 1936, mjini Hamburg, kwenye viwanja vya hospitali ya St. Georg, liliwekwa jiwe la kumbukumbu lenye majina 169 ya madaktari, mafundi na wauguzi wa mataifa mbalimbali waliouawa na eksirei na radiamu. Majina mengine yaliongezwa baadaye, yakapita 350.

Ukuta unajengwa

Kujikinga kunahitaji kipimo, na kwa miaka mingi kipimo pekee kilikuwa ngozi kuwa nyekundu. Mwaka 1925 Arthur Mutscheller, aliyekuwa Marekani, alizunguka vyumba vya eksirei vilivyosimamiwa vizuri, akakadiria mionzi inayowafikia wafanyakazi, akapendekeza kwamba kwa mwezi mtu asipokee zaidi ya sehemu moja ya mia ya kiasi kinachoifanya ngozi iwe nyekundu. Yalikuwa makisio ya busara, si zaidi ya hapo, lakini kwa mara ya kwanza palikuwa na namba.

Mwaka 1928 wataalamu walikutana Stockholm, wakakubaliana juu ya kipimo cha pamoja na kuunda kamati ya kimataifa ya kinga. Mashauri yao yanapendeza kuyasoma leo. Unene wa risasi ukutani umo. Humo humo imo pia kwamba mfanyakazi asizidishe saa saba kwa siku, apumzike Jumapili na nusu siku mbili kila wiki, ikiwezekana nje kwenye hewa safi, na apewe likizo ya mwezi mzima kwa mwaka. Walikuwa bado wanaamini kwamba mwili ukipumzika deni lote hufutika. Sasa tunajua kwamba sehemu ya deni hubaki.

Leo kiwango kinachopendekezwa kimataifa kwa mfanyakazi ni wastani wa milisiverti 20 kwa mwaka, milisiverti ikiwa kipimo cha madhara yanayotarajiwa mwilini. Mwanadamu wa kawaida hupokea kama 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula, bila kukanyaga hospitali. Picha moja ya kifua haifiki hata 0.1 kwenye mashine nzuri, sawa na mionzi ya asili ya siku chache. Picha ya mkono kama wa mama mkubwa ni ndogo zaidi. Lakini picha ya CT ya tumbo, ile ambayo mgonjwa huingizwa kwenye duara kubwa, huweza kulingana na picha za kifua mia moja au zaidi, kwa hiyo si kitu cha kuomba kama unavyoomba soda.

Yule kijana angebaki chumbani kwa picha arobaini kila siku, mionzi inayotawanyika kutoka kwa wagonjwa ingejikusanya kwake mwaka hadi mwaka, na yeye hana faida yoyote ya kupata kutokana nayo. Ile beji aliyoivaa kifuani hurekodi kiasi anachopokea. Nchini Tanzania, anayesimamia mambo hayo ni Tume ya Nguvu za Atomiki, na ndiyo hiyohiyo inayopima mionzi ya minara ya simu.

Na mnara wa simu je?

Sasa turudi kwenye pamba. Vita Kuu ya Pili ilileta rada, mashine inayotupa maikrowevu ili kuona ndege na meli kwa mbali. Wanajeshi waliofanya kazi mbele ya rada walianza kunong'ona kuhusu utasa na upara. Mwaka 1943 jeshi la majini la Marekani liliwapima watu wake na halikuona tatizo.

Lakini pamba nyingi kwa pamoja huleta joto. Mwaka 1945 Percy Spencer, mhandisi wa kampuni ya Raytheon, alikuta chokoleti imeyeyuka mfukoni mwake akiwa karibu na mtambo wa rada, na kutokana na hilo likazaliwa jiko la maikrowevu. Mwaka 1948 watafiti waliwamulika wanyama machoni kwa maikrowevu makali, wakapata mtoto wa jicho. Lenzi ya jicho haina mishipa ya damu ya kuipoza, na ikipata joto hufanya kama ute wa yai kwenye kikaango: ilikuwa angavu, sasa ni nyeupe.

Basi kuanzia mwaka 1953 Wamarekani walijiuliza mwili unaweza kupoza joto kiasi gani, wakaweka kikomo cha milivati 10 kwa kila sentimita ya mraba. Wasovieti, mwishoni mwa miaka ya 1950, waliweka kikomo kilicho chini mara elfu moja. Walikuwa wamewauliza wafanyakazi wao, wakasikia habari za uchovu, maumivu ya kichwa na kukosa usingizi. Wamarekani walijibu kwamba hao wafanyakazi hawakulinganishwa na wenzao wasiofanya kazi kwenye mionzi, na nani asiyechoka kiwandani? Ugomvi huo haujaisha kabisa hadi leo, na nusu ya maneno unayotumiwa kwenye simu kuhusu minara ni mabaki yake.

Mwaka 2011 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliyaweka mawimbi ya redio kwenye kundi la vitu ambavyo "huenda" vikasababisha saratani, kundi ambamo zimo pia mboga za kachumbari zinazochachushwa kwa mtindo wa Asia. Maana yake ni kwamba ushahidi ni dhaifu, na uchunguzi uendelee. Mimi hukumu yangu ni hii: mnara usikukoseshe usingizi. Mionzi hupungua haraka sana kwa umbali, na simu iliyo sikioni hukumulika kuliko mnara ulio mbali. Tena mnara ukiwa mbali sana, simu yako hulazimika kupaza sauti zaidi ili isikike. Mwenye hofu atumie spika au waya wa masikioni, atakuwa amefanya zaidi ya aliyeandamana kupinga mnara huku simu iko shavuni.

Swali ambalo kina mama waliulizwa

Nilikuomba ukumbuke simbilisi mwenye mimba. Kwa zaidi ya miaka hamsini baada ya Rollins, madaktari wa Ulaya na Marekani waliendelea kuwapiga eksirei wajawazito ili kuona mtoto amekaaje. Maduka ya viatu nayo yalikuwa na mashine za kuwamulika watoto miguu ili kuona kama kiatu kinatosha.

Katikati ya miaka ya 1950, Dkt. Alice Stewart wa Oxford alitaka kujua kwa nini watoto wa Uingereza waliokuwa wakifa kwa saratani ya damu wanaongezeka. Hakuwa na fedha nyingi. Alichofanya ni kuwauliza kina mama. Aliandaa orodha ya maswali kwa akina mama waliofiwa na watoto kwa saratani, na kwa wengine wa maeneo hayohayo ambao watoto wao walikuwa hai. Majibu yalipofika, jambo moja lilijitokeza: akina mama waliofiwa walikuwa wamepigwa eksirei ya tumbo wakiwa wajawazito mara mbili zaidi ya wenzao. Alitangaza mwaka 1956, akatoa ripoti kamili mwaka 1958.

Saratani ya utotoni ni adimu, na hata ukiizidisha mara mbili bado ni adimu. Lakini hapa hapakuwa na ngozi iliyoungua wala nywele zilizotoka. Ilikuwa picha moja au mbili, kiasi ambacho kila mtu aliamini ni salama. Madaktari wenzake walimpinga kwa miaka mingi. Mwaka 1962 Brian MacMahon wa Harvard alichunguza kumbukumbu za hospitali za Marekani, si kumbukumbu za akina mama, naye akaona uhusiano huohuo. Taratibu mazoea yakabadilika, na leo mtoto aliye tumboni hutazamwa kwa ultrasaundi, ambayo ni sauti tu.

Ndiyo maana siku ile, kabla ya zamu ya mama mkubwa, yule kijana alimuuliza dada aliyetangulia tarehe ya hedhi yake ya mwisho, na dada akainamisha kichwa kwa haya. Dada yangu, ukiulizwa, jibu bila kuona haya. Na wasipokuuliza, waambie mwenyewe kabla hujapanda mezani.